Unaumwa Nini?

Shangazi yangu alirudi kutoka hospitali akiwa na karatasi iliyokunjwa mara nne mkobani, bahasha tatu za dawa, na miguu iliyovimba hata kandambili zake mwenyewe zilimkataa. Ilikuwa Tanga, alasiri, nyumbani kwake. Hajamaliza hata kuvua mtandio, majirani walikwisha kukaa mkekani. Ndiyo mila yetu: mtu akitoka hospitali huendewa. Rafiki yake wa tangu usichana alimshika mkono, akauliza kama waulizavyo wote: "Haya mwenzangu, wamekwambia unaumwa nini?"

Shangazi alifungua mkoba, akaitoa karatasi, akainyoosha juu ya paja. Palikuwa na jina lake, umri wake, kisha herufi tatu kubwa za Kiingereza zilizopigiwa mstari. Akamwelekezea mgeni wake. Mgeni akaitazama, akampa wa pili, naye akampa wa tatu. Karatasi ilizunguka mkeka mzima, ikamrudia mwenyewe. "Wameandika hapo," akasema. Baada ya hayo hapakuwa na la kuongeza. Wakamwombea dua, wakanywa chai, wakaaga.

Mkeka ule naukumbuka kuliko ninavyoikumbuka wodi. Shangazi alikuwa amepimwa, amepigwa picha ya kifua, amepewa dawa zilizomfaa. Kitu kimoja hakupewa: jina la ugonjwa wake ambalo angeweza kulitamka. Kwa kulikosa jina hilo alikosa cha kuwajibu waliokuja kumjulia hali, na hali isiyojulikana haina anayeweza kuibeba pamoja nawe.

Tulitazame neno lenyewe. Kuuma ni kazi ya meno: mbwa huuma, nyoka huuma. Nasi tukiugua twasema kichwa kinaniuma, tumbo linaniuma, na maradhi yakishaenea mwili mzima twasema naumwa, kitenzi kilekile katika kauli ya kutendwa. Anayesema hivyo anatueleza kwamba yuko kwenye meno ya kitu. Ndiyo maana swali "unaumwa nini?" lina uzito kupita salamu. Linataka kujua ni kitu gani kinachokutafuna, kimeingilia wapi, na sisi tulio nje tukusaidieje kukitoa. Asiyelijua jina hubaki peke yake na kinachomuuma.

Waliotutangulia hawakukosa majibu. Kipindupindu kimebeba kitenzi cha kupindua, nao ugonjwa ndivyo ufanyavyo: humpindua mtu tumbo, maji yote ya mwili yakamwagika kwa siku moja. Kizunguzungu kinazunguka hata kwenye ulimi wa anayekitamka. Kipandauso ni kichwa kinachouma kwa kupanda upande mmoja wa uso, na aliyewahi kukipata hahitaji maelezo zaidi. Mtoto wa jicho ni ukungu mweupe unaokaa nyuma ya mboni kama kijitu kilichozaliwa humo. Kidole tumbo ni kipande cha utumbo chenye umbo la kidole. Kiribatumbo kinamfananisha mtu aliyenenepa kupita kiasi na kiriba, ule mfuko wa ngozi wa kubebea maji, uliojazwa pomoni. Mengi ya majina haya yamo katika ngeli ya KI-VI, ngeli ya kiti na kisu, kana kwamba lugha iliona heri ugonjwa uwe kitu kinachoshikika, chenye mwanzo na mwisho.

Hayo yalitungwa na watu waliokaa karibu na mgonjwa, wakamtazama anavyogeuka kitandani, wakamsikiliza anavyolalamika. Na majina ya namna hiyo husafiri. Mwaka 1870 homa ya kuvunja viungo iliikumba Unguja. Daktari James Christie, aliyefanya kazi kisiwani wakati huo, aliandika kwamba wenyeji waliiita kidinga pepo, na kwamba wazee waliikumbuka kutoka mlipuko wa miaka mingi nyuma. Wapo wanaosema neno hilo lilivuka bahari hadi visiwa vya Karibi, likakutana na Kihispania, likatoka na sura ya dengi tunayoijua leo. Wengine wanalibishia. Lakini Dar es Salaam ilipopata mlipuko wa dengi mwaka 2014, na tena 2019, nililisikia neno hilo likitamkwa kama la mgeni asiyetuhusu, nikawaza kwamba huenda ni mtoto wetu aliyerudi nyumbani na lafudhi ya ughaibuni.

Jina la chikungunya halina ubishi. Mwaka 1952 na 1953 ugonjwa mpya ulienea katika uwanda wa juu wa Makonde, kusini mwa Tanganyika ya wakati huo, upande wa Newala. Homa ilipanda ghafla, viungo vikauma mpaka watu wakatembea wamejikunja, wasiweze kunyooka. Wamakonde wakauita kwa kile walichokiona: kinachomkunja mtu. Madaktari Marion Robinson na W. H. R. Lumsden walipochapisha taarifa zao mwaka 1955 walilichukua jina hilo kama walivyolikuta. Nusu karne baadaye lilikuwa likitangazwa redioni katika kisiwa cha Réunion, kisha Italia mwaka 2007, kisha Karibi tangu mwishoni mwa 2013. Vitabu vingi vya nje viliandika kwamba ni neno la Kiswahili. Ni la Kimakonde, na heshima iende kwa wenyewe. Vivyo hivyo kaskazini mwa Uganda mwaka 1959: Waacholi waliuita ugonjwa wa viungo kulegea o'nyong-nyong, na hadi leo virusi vyake vinajulikana kwa jina hilo katika maabara zote.

Kwa hiyo nikisikia mtu akisema lugha zetu haziwezi kubeba tiba, humkumbuka yule mkulima wa Newala, mwanamume au mwanamke, aliyekuwa wa kwanza kusema: huu unakunja. Madaktari waliokwenda kule walifanya jambo dogo ambalo limekuwa adimu. Walisikiliza, wakaandika walichosikia.

Lakini nisiyapambe majina yote ya wazee, maana mengine yametugharimu. Degedege ni mojawapo. Mtoto mwenye homa kali hukakamaa, macho yakageuka, viungo vikarukaruka. Ndani ya neno hilo mmejificha ndege, na katika sehemu nyingi za pwani ilisadikiwa kwamba kitu chenye mbawa, ndege au nondo wa usiku, kimempitia mtoto. Jina likamwelekeza mama kwa mganga. Wapo walioamini kwamba mtoto wa degedege akidungwa sindano atakufa, basi wakamfukiza moshi huku malaria ikipanda kichwani. Ugonjwa ulikuwa na dawa. Njia ya kuiendea dawa ndiyo iliyozibwa na jina.

Kubemenda nako kuna kisa chake. Mtoto akikonda na kudhoofu kabla ya wakati wa kuacha ziwa, wazazi hushukiwa: walirudiana mapema, au mmoja wao alitoka nje, wakambemenda mtoto. Huko Ghana, zamani Gold Coast, watu wa kabila la Ga nao waliona kwamba mtoto huanza kuvimba miguu na kubadilika rangi ya nywele pindi mdogo wake anapomwondoa kwenye ziwa. Wakauita kwashiorkor. Daktari Cicely Williams alilipokea neno hilo kutoka kwa akina mama, akaling'amua, na mwaka 1935 akaliandika katika jarida la kitabibu akieleza kwamba mtoto huyo amekosa chakula cha kumjenga. Sisi twasema unyafuzi, na mitaani kwashakoo. Mama wa Ga na mama wa pwani waliona jambo linalokaribiana, mtoto anayedhoofu ziwa linapoingiliwa. Neno moja lilimfikisha tabibu kwenye chakula, jingine likaishia kwenye aibu ya mzazi.

Tusidhani makosa haya ni ya wasiosoma peke yao. Malaria, neno linalotumika hospitali nyingi duniani, ni la Kiitaliano na maana yake ni hewa mbaya. Wataalamu wa karne nyingi waliamini homa hiyo inatokana na mvuke wa madimbwi, mpaka Ronald Ross alipomkuta mdudu wa malaria ndani ya mbu, huko India, mwaka 1897. Kosa limeondoka na jina limebaki. Saratani tuliyoipokea kutoka Kiarabu ni kaa, na kansa tuliyoipokea kutoka Kiingereza ni kaa pia, kwa sababu Wagiriki wa kale waliona uvimbe wenye mishipa iliyotandaa wakakumbuka miguu ya mnyama huyo wa ufukweni. Kaa yuleyule alitufikia kwa njia mbili.

Hapo najifunza kwamba jina lililokosea halihitaji kuuawa. Linaweza kujazwa upya. Pepopunda inasema wazi kwamba ni pepo, na zamani watoto wachanga walikufa nayo kitovu kikiwa hakijakauka. Leo kila mjamzito anayekwenda kliniki anaijua sindano ya pepopunda. Anatoa mkono, anachomwa, anaandikiwa kwenye kadi, wala hawazii pepo hata kidogo. Wauguzi hawakumnyang'anya neno lake na kumpa la Kilatini. Walilichukua lilivyo, wakaliwekea chanjo ndani. Degedege nayo imeanza safari hiyo tangu wahudumu wa afya waliposema mbele ya akina mama kwamba degedege ni dalili ya malaria kali, mkimbize mtoto kituoni.

Jina lililotupitisha katika moto mkali zaidi ni UKIMWI. Wagonjwa wa kwanza Tanzania walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na ugonjwa haukuwa na jina. Watu wa kule wakauita Juliana, jina la nguo iliyokuwa ikiletwa na wachuuzi wa kuvuka mpaka wa Uganda. Baadaye mitaa ikazaa mengine: ngoma, umeme, kukanyaga miwaya. Kila moja lilikuwa pazia. Majirani hawakuja kumjulia hali mtu mwenye ngoma, au walikuja wakakaa mlangoni. Katika matangazo ya vifo tukasoma kwamba marehemu aliugua kwa muda mrefu, na sote tukaelewa, na sote tukanyamaza.

UKIMWI lilikuja likiwa neno la aina nyingine kabisa. Lifungue utakuta sentensi: upungufu wa kinga mwilini. Halimtaji mwasherati wala laana. Linaeleza kilichopungua, na mahali kilipopungua. Mtu wa darasa la nne angeweza kulifungua mwenyewe na kupata elimu ndani yake. Halikuondoa unyanyapaa kwa siku moja, lakini lilimpa mgonjwa sentensi ya kusimamia. Kisha tukajirekebisha zaidi: tuliokuwa tukiwaita waathirika sasa twawaita watu wanaoishi na VVU, na kitenzi kuishi kinastahili nafasi yake hapo. Dawa zao zaitwa dawa za kufubaza virusi. Rangi hufubaa, na neno hilo linasema ukweli wote pasipo kumdanganya mtu: virusi havijatoka, vimefifia mpaka havina makali. Ugonjwa uliingia Kagera na jina la nguo, na leo twazungumza juu ya kufifia kwake kama rangi ya kitambaa.

Haya yanaonyesha kwamba kazi ya kuunda istilahi inawezekana, na imefanywa. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, TUKI, ilitoa Kamusi ya Tiba mwaka 2003. Wakati wa UVIKO-19 tuliifufua barakoa, vazi la uso la wanawake wa pwani, tukaivika nchi nzima, na hakuna aliyeuliza maana yake. Klorokwini iliposhindwa na malaria, na dawa iliyoifuata ikashindwa pia, Tanzania iliamua kutumia dawa mbili zilizounganishwa, tukaziita dawa mseto. Mseto ni chakula: wali na choroko katika chungu kimoja. Aliyewahi kuupika anaelewa kwa nini kidonge kimebeba vitu viwili, na kwa nini hatakiwi kula nusu akaacha nusu.

Na ipo adabu ya lugha ambayo ni tiba pia. Saratani ya mlango wa kizazi ni mfano ninaoupenda. Chanjo ya kuwakinga wasichana ilipoanza kutolewa nchini mwaka 2018 kwa wenye miaka 14, baba alihitaji kuizungumzia na binti yake, na mwalimu mbele ya darasa. Kwa neno tupu wasingeweza. Mlango wa kizazi umewapa namna ya kupitia: unataja mahali hasa, na bado unaweza kusemwa mbele ya mkwe. Watu huiona tafsida kama kuficha. Hii imefunua.

Nakiri kwamba zipo sehemu tunapopwaya. Mshipa kwetu ni wa damu, ni wa fahamu, na wapo wanaoita hivyo hata ngiri. Mgonjwa akisema mishipa inaniuma, tabibu anapaswa kuuliza maswali manne zaidi. Hapo neva, vena na ateri zina haki ya kukaribishwa, kama tulivyoikaribisha dawa yenyewe kutoka Kiarabu ikawa yetu mpaka tukaitia katika methali. Neno la kigeni halinisumbui. Linalonisumbua ni neno linalomwacha mwenye mwili nje ya mlango.

Maana tazama inavyokwenda katika chumba cha daktari. Anauliza kwa Kiswahili: mama, unajisikiaje? Anajibiwa kwa Kiswahili: nikipanda ngazi pumzi inakata, usiku nalala nimeegemea mito, miguu imekuwa mizito. Sikio linapokea Kiswahili na kalamu inaandika Kiingereza, kwa sababu ndiyo lugha aliyofundishwa tiba kwa miaka yote ya chuo. Katikati ya sikio na kalamu maneno ya mgonjwa yanageuzwa yakawa herufi tatu, na safari ya kurudi, kutoka kalamu hadi sikio la mgonjwa, mara nyingi haifanyiki. Foleni ni ndefu, daktari amechoka. Simlaumu yeye peke yake. Hatukumpa maneno alipokuwa mwanafunzi, tukamwacha ayatafute mbele ya mgonjwa.

Kilichomkuta shangazi kilitokana na hapo. Katika bahasha moja paliandikwa kidonge kimoja kila siku asubuhi. Alikimeza siku tatu, siku ya nne akaacha. Nilipomuuliza alisema dawa ile inamharibu: tangu aanze kuinywa haishi kwenda msalani. Alikuwa na akili timamu na hoja iliyonyooka. Mtu aliyevimba miguu anapewa kidonge, kidonge kinamkojoza, na hakuna aliyemwambia miguu na mkojo vinahusianaje. Mimi pia ningeacha.

Tuliporudi kliniki alitupokea muuguzi mtu mzima. Shangazi alimweleza kuhusu kidonge. Yule mama hakugomba. Alichuchumaa chini, akapandisha kanga ya shangazi hadi chini ya goti, akaweka dole gumba juu ya mfupa wa muundi, akabonyeza. Alihesabu polepole hadi kumi, akaondoa kidole. Palibaki shimo, lenye kina, lililokaa pale kama alama kwenye unga uliokandwa.

"Mama, ona," akasema. "Nyama hairudi. Hayo ni maji. Moyo wako umechoka, hausukumi damu kama zamani, basi maji yanashuka na kukaa huku chini. Kidonge cha asubuhi kinayatoa kwa njia ya mkojo. Ukiona unakwenda haja ndogo mara nyingi, ujue dawa inafanya kazi."

Shangazi alilitazama lile shimo muda mrefu. "Kumbe moyo," akasema. "Mie nilidhani miguu."

Moyo umechoka. Maneno mawili, na hayapatikani katika jalada lolote la hospitali. Ukiyapima kwa vitabu vya tiba utaona yanatosha: moyo ni msuli, na wake ulikuwa umepungukiwa nguvu. Ukiyapima kwa lugha yetu yanatosha zaidi, kwa maana kwetu moyo ndio unaotoa, unaovumilia, unaovunjika, na aliyelea watoto wa nduguze kama yeye angeweza kusema moyo umechoka bila kuona haya. Aliyachukua maneno hayo akarudi nayo nyumbani, na kidonge cha asubuhi hakukiacha tena.

Wiki ile majirani walikuja kama kawaida. Rafiki yake akakaa mahali pake mkekani, akamshika mkono, akamuuliza vilevile alivyomuuliza mwanzo. Safari hii shangazi hakufungua mkoba. Alinyoosha mguu, akapandisha kanga, akabonyeza kwa dole gumba lake mwenyewe, akahesabu hadi kumi kwa sauti ili wote wasikie. "Moyo wangu umechoka," akasema, "na haya ndiyo maji yake." Wakainama kutazama. Chai ilipoa. Kisha yule rafiki yake, bila kusema neno, akajisogeza kando ya mkeka, akanyoosha mguu wake mwenyewe, akauwekea kidole.